Barua ya wazi kwa walimu wa historia wa Kindu: waulizeni watoto habari za Ngongo Lutete

Waheshimiwa walimu,

Nawaandikia ninyi mnaofundisha historia katika shule za sekondari za Kasuku, za Mikelenge na za Alunguli ng'ambo ya mto, pamoja na maprefe wenu, yaani wakuu wa shule. Nina ombi moja. Kila muhula, tengeni vipindi viwili au vitatu vya swali la "ingekuwaje kama", na mtu wa kwanza kuulizwa habari zake awe Ngongo Lutete.

Swali hilo wanafunzi wenu wanalijua tayari. Jioni, mahali wanapochaji simu kwa jenereta, utawakuta wakilibishania kwa bidii ambayo sidhani kama mnaipata darasani. Ila wanambishania mtu ambaye hakuwahi kuishi: Anakin Skywalker wa Star Wars, ile hadithi ya vita vya nyota aliyoianzisha George Lucas mwaka 1977. Kwa asiyeifahamu naieleza kwa ufupi. Anakin ni mtoto mtumwa katika sayari ya jangwa iitwayo Tatooine. Yeye na mama yake, Shmi, ni mali ya mchuuzi mmoja, Watto. Anapita mgeni, Qui-Gon Jinn, ambaye ni Jedi, yaani mmoja wa mashujaa wanaoilinda jamhuri ya nyota. Anaona kipaji cha yule mtoto, anaweka dau katika mashindano ya mbio, anamkomboa na kuondoka naye. Mama anabaki utumwani. Mtoto anakua, anasifiwa vitani, kisha anageuka. Anawaua wenziwe, hata watoto wadogo waliokuwa wakisomeshwa na Jedi, na kuwa Darth Vader, mtumishi wa mtawala dhalimu. Vijana wetu wanaotazama filamu hizo kwa Kifaransa humwita Dark Vador. Katika filamu ya mwaka 1983 mwanawe, Luke, anamrudisha kwenye wema saa ya kufa kwake.

Jinsi alivyoanguka ilisimuliwa baadaye, katika filamu tatu za mwaka 1999, 2002 na 2005, na hapo ndipo ubishi unapozaliwa. Ingekuwaje kama Qui-Gon asingeuawa, akamlea mwenyewe? Ingekuwaje kama Baraza la Jedi lingempa cheo kamili siku lilipompa kiti, badala ya kumketisha na kumnyima heshima ya kiti hicho mbele ya wote? Ingekuwaje kama angemwacha Mace Windu, mmoja wa wakuu wa Jedi, ammalize Palpatine, yule mtawala dhalimu? Na lipo linalonigusa mimi kuliko yote: ingekuwaje kama kuna mtu angerudi Tatooine kumkomboa yule mama?

Hebu tulitazame hilo la mwisho. Inapita miaka kumi. Jedi wana hekalu, wana vyombo vya kusafiria, wana sauti mbele ya bunge la jamhuri, na hakuna hata mmoja anayerudi kumlipia mwanamke mmoja. Anakin anapoanza kumwota mama yake akiteseka, anakwenda mwenyewe. Anamkuta amefungwa katika kambi ya watekaji, naye anamfia mikononi. Usiku ule anaiangamiza kambi nzima, wanaume, wanawake na watoto. Anamweleza msichana anayempenda alichokifanya, na hakuna anayemwajibisha. Nilimsikia binti mmoja wa hapa mjini akiwajibu kaka zake kwamba wazee wale wale waliomkataza mtoto kuogopa ndio waliomwacha mama yake kwa aliyemnunua. Kaka zake walinyamaza. Walimu wapendwa, binti yule alikuwa anafanya kazi ya mwanahistoria: alitafuta uamuzi uliokuwa mikononi mwa watu fulani, kwa wakati fulani, akapima uzito wake katika yaliyofuata.

Sasa nawauliza. Kwa nini kipaji hicho kiishie Tatooine, wakati mto unaopita mlangoni mwetu umebeba kisa kinachofanana nacho, cha watu waliotoka damu kweli?

Ngongo Lutete alizaliwa magharibi ya hapa, katika nchi ya Lomami. Wengine humhesabu Mtetela, wengine Msongye, na kila upande una hoja zake. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyepigana katika jeshi la Dola Huru ya Kongo na kumfahamu, aliandika kwamba Ngongo alikuwa mtumwa utotoni, na kwamba aliupata uhuru wake kwa ushujaa katika uvamizi. Dunia aliyokulia tunaijua. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, David Livingstone alikuwapo Nyangwe watu wenye bunduki wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa walipowafyatulia wanawake waliokuja na samaki na vyungu vyao. Wengi walizama Lualaba wakikimbilia mitumbwi. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Nyangwe imo katika mkoa wetu huu wa Maniema, na maji yaliyowachukua watu wale hupita hapa Kindu.

Katika dunia hiyo kijana aliyetoka utumwani alipewa bunduki, na bunduki ikamfanya mkubwa. Alimtumikia Hamed bin Muhammed, yule mfanyabiashara wa Zanzibar aitwaye Tippu Tip, akakusanya pembe na mateka kati ya Lomami na Sankuru. Alijenga mji wake Ngandu, kando ya Lomami, ukawa na maelfu ya watu. Hinde aliandika kwamba njia ya kuingilia milangoni mwake ilisakafiwa kwa mafuvu ya watu. Jambo hilo naliweka mbele makusudi, kwa sababu wapo wanaotaka kumsimulia Ngongo kama shahidi tu, kama vile vijana wetu wanavyomsikitikia Anakin na kuruka habari za wale watoto wa hekaluni.

Mwaka 1890 Tippu Tip alirudi Zanzibar. Miaka mitatu kabla ya hapo Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mwenye Dola Huru, alikuwa amemfanya liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Huku nyuma mwanawe, Sefu, alibaki Kasongo na mamlaka makubwa bila busara ya baba yake. Mwaka 1892 Ngongo alipigwa na Francis Dhanis, ofisa wa Dola Huru, akajisalimisha na kuhamia upande wake. Sefu alikasirika, akadai Ngongo akabidhiwe kwake, na kabla mwaka haujaisha vita vikawaka kwenye Lomami. Dhanis alikuwa na askari wachache wa kawaida. Wengi waliokwenda naye walikuwa watu wa Ngongo, wenye kuijua nchi, njia zake na vivuko vyake. Nyangwe ilianguka tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili.

Miezi mitano baadaye waliompa kazi wakamnyima imani. Dhanis akiwa mbali, maofisa waliokuwa Ngandu walimshtaki Ngongo kwa uhaini, wakamhukumu wao wenyewe. Dhanis alipopata habari alimtuma Hinde kwa haraka kwenda kuizuia hukumu. Hinde alikaza mwendo, akafika amechelewa. Ngongo alikuwa amejaribu kujinyonga gerezani kwake, wakamkata kamba, wakamrudishia fahamu, kisha wakamtoa nje na kumpiga risasi. Ilikuwa tarehe 15 Septemba 1893. Hinde aliamini hadi mwisho kwamba shtaka lile halikuwa la haki.

Haikuishia hapo. Baadhi ya askari wa Ngongo walipelekwa katika kambi ya Luluabourg, ambayo leo ni Kananga. Mwezi Julai 1895 kambi ile iliasi, kamanda wake, Kapteni Pelzer, akauawa, na waasi wakaelekea mashariki wakivunja kituo baada ya kituo. Mwaka 1897 wakaasi pia askari wa msafara mkubwa wa Dhanis mwenyewe, uliokuwa ukielekea Nile, na wengi wao walikuwa watu wa nchi hizi hizi. Dola Huru ilihangaika nao miaka mingi.

Hiyo ndiyo habari, na hapo maswali yanaanza.

Mimi ningeanzia Ngandu, siku zile za Septemba. Ingekuwaje kama maofisa wale wangesubiri jibu la Dhanis? Mwanafunzi atajibu upesi kwamba maasi ya 1895 yasingetokea. Hapo ndipo kazi ya mwalimu ilipo. Mwulizeni: askari wa Luluabourg waliishi vipi? Walichapwa viboko, walicheleweshewa haki zao, na kamanda wao alijulikana kwa ukali. Basi kifo cha Ngongo kilikuwa sababu ya maasi, au kilikuwa jina lililokusanya hasira ambazo zilikuwapo tayari? Maoni yangu ni kwamba bila kifo kile hasira zingelipuka, ila zingelipuka kwa vipande, kambi moja hapa, nyingine kule. Kifo cha bwana wao kiliwapa watu waliotoka makabila tofauti deni moja la kudai. Mwalimu mwingine atanipinga, na naomba anipinge mbele ya wanafunzi wake.

Kisha nendeni kwa Sefu. Ingekuwaje kama angemwachia Ngongo aende zake? Wako watakaosema vita vingeepukika. Mimi sikubaliani nao. Mzozo ulikuwa juu ya pembe za ndovu na juu ya nani atapitisha mali yake wapi, kwenye bahari ya Hindi au kwenye Atlantiki. Mwaka ule ule wa 1892, kabla ya hapo, msafara wa kibiashara wa Hodister ulikuwa umeangamizwa kwenye Lualaba. Leopold asingekubali mali ya nchi hii iendelee kwenda Zanzibar. Vita vingekuja tu. Ila je, vingekuja Ngongo akiwa upande gani, na mwenye watu wangapi? Swali hilo lina jibu linalotafutika kwa ramani, kwa tarehe na kwa hesabu ya bunduki, na wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita wanaweza kulitafuta.

Lipo na swali ambalo halimhusu mkubwa yeyote. Yule mwanamke wa kijiji cha kando ya Lomami aliyefungwa kamba shingoni mwaka 1888, akapelekwa Ngandu, kwake ingekuwaje kama Ngongo asingepewa bunduki? Ingekuwaje kama yule mtoto mtumwa angerudishwa kwao, badala ya kufundishwa kuteka watumwa? Na baada ya ushindi wa Dhanis, ulioitwa ukombozi, ingekuwaje kama waliokombolewa wangeachwa huru kweli? Tunajua kilichotokea: wengi waliandikishwa katika Force Publique, jeshi la Dola Huru, bila kuulizwa, wakatumika miaka, na nchi iliyookolewa kutoka kwa Waungwana, yaani watu wa Tippu Tip na Sefu, ikaanza kudaiwa mpira na pembe kwa mtutu wa bunduki. Kama mtauliza maswali yote mkaliacha hili, mtakuwa mmewafundisha watoto kuhurumia wenye majina peke yao.

Najua mtaniambia nini. Wazee wetu husema "ningejua" huja nyuma, na majuto hayafufui mtu. Ni kweli kwa Dhanis, na ni kweli kwa Hinde aliyekuta kaburi. Lakini mwanafunzi wa miaka kumi na saba hajafanya uamuzi wake bado. Kesho atakuwa ofisa, hakimu, chifu, mama wa nyumba yenye watoto kumi. Yupo atakayeletewa mashtaka dhidi ya mtu, wakati wakubwa wake yeye mwenyewe wako mbali na simu haishiki. Akiwa amewahi kukaa darasani na kupima ile hukumu ya Ngandu, atakuwa amejua jinsi hukumu ya haraka ilivyolipwa na watu ambao hawakuwepo.

Mtaniambia pia kwamba kumtaja Ngongo ni kuamsha ukabila: Watetela, Wakusu, Wasongye, Waungwana, kila mmoja ana babu yake katika kisa hicho, aliyetenda au aliyetendwa. Hofu hiyo naiheshimu. Mji huu unajua gharama ya maneno yaliyotupwa ovyo. Lakini kisa hiki kinasimuliwa majumbani hata mkikinyamazia, na nyumbani kila mtoto anapewa nusu yake. Shule ndiyo mahali pekee ambapo mjukuu wa Ngandu na mjukuu wa Kasongo wanakaa dawati moja. Na swali la "ingekuwaje kama" lina faida kwenye jambo hili hasa: linamlazimisha mtoto kusimama mahali pa babu wa mwenzake na kutazama ni njia zipi zilikuwa wazi kwake. Hakuna anayeweza kulijibu vizuri kwa kutukana.

Naomba sharti moja tu lishikwe. Swali liwe juu ya jambo ambalo mtu aliye hai wakati ule angeweza kulifanya kweli. "Ingekuwaje kama Ngongo angekuwa na bunduki za kisasa" ni kupoteza muda, sawa na vijana wanaouliza ingekuwaje kama Anakin angekuwa na nguvu mara kumi zaidi. Swali la namna hiyo halimtafuti mwenye kuwajibika. Waongozeni kwenye njia panda, pale ambapo mtu alikuwa na njia mbili akashika moja.

Na kuna kosa jingine la kuchunga, ambalo tunalifanya sote katika mkoa huu tunapomzungumzia Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi yetu. Jambo la kwanza linalotajwa ni Lodi, kwenye kivuko cha Sankuru, siku ya kwanza ya Desemba 1960. Alikuwa amevuka, akielekea Stanleyville, mke wake Pauline na mtoto wao mdogo wamebaki ng'ambo ya pili, naye akarudi kwa ajili yao, akakamatwa. "Ingekuwaje kama asingerudi?" Nimelisikia swali hilo tangu ujana wangu, na kila mara linaishia kwa kumlaumu mwanamke au kuulaumu moyo wa mume. Mimi naliona swali dhaifu. Muulizeni mwanafunzi: ingekuwaje kama Umoja wa Mataifa, uliokuwa ukiilinda nyumba yake Léopoldville, ungekubali kumlinda pia alipokuwa mikononi mwa askari wa Mobutu? Ingekuwaje kama serikali ya Ubelgiji isingesukuma apelekwe Katanga, alikouawa tarehe 17 Januari 1961? Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilikiri kwamba nchi yao ina wajibu wa kimaadili katika kifo hicho, na Juni 2022 jino lake, mabaki pekee ya mwili wake, lilirudishwa na kupitishwa Onalua alikozaliwa kabla ya kuzikwa Kinshasa. Uzito wa kifo kile uko kwa wenye ofisi, wenye ndege na wenye kutia saini. Kule kurudi mtoni kulikuwa haki ya mume na baba.

Namna ya kufanya hamhitaji kufundishwa na mzazi. Ila naeleza ninachokiwazia. Kipindi cha kwanza, mwalimu asimulie kisa kwa tarehe zake, bila kuficha mafuvu wala hukumu. Kipindi cha pili, darasa lichague njia panda moja, na kila kikundi kitetee njia yake kwa ushahidi. Cha tatu, kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja. Wenye ndugu Kasongo, Nyangwe, Kibombo au ng'ambo ya Lomami wapewe kazi ya kuwauliza wazee na kuandika walichosikia, kwa sababu wanaokumbuka simulizi hizo wanapungua kila mwaka. Najua mtihani wa Taifa hauulizi mambo haya, na muda wenu ni mfupi, na mishahara yenu inachelewa. Wengi wenu mnafundisha bila kitabu, kwa ubao na kumbukumbu. Kwa kazi hii ubao na kumbukumbu vinatosha.

Anzeni na Anakin kama mnaona ni njia rahisi ya kuwavuta, sina ubaya nayo. Dakika kumi juu ya yule mama aliyeachwa Tatooine zitawafungua midomo hata wale wanaolala. Lakini msiishie hapo. Mkihama kutoka Tatooine kwenda Ngandu, watoto watagundua wenyewe kwamba huku hakuna Luke aliyekuja mwisho kumwokoa baba. Watoto wa Ngongo na watoto wa mateka wake ndio sisi, na tumekaa miaka zaidi ya 130 bila kuulizana.

Naomba maprefe wa shule zetu waruhusu vipindi hivyo kuanzia muhula ujao, na idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Kindu ikubali kuzipokea kurasa za wanafunzi na kuzihifadhi. Sisi wazazi tutachangia madaftari.

Wenu kwa heshima,
Mzazi wa Kasuku, Kindu